Begi Limetangulia Lindi

Shemeji yangu aliwahi kwenda semina Malta, na tangu arudi hakuna bahari ya Tanzania inayompendeza. Kigamboni kwake ni matope, Bagamoyo ni moshi wa samaki, na Coco Beach halitamki hata jina. Dada yangu, aliyekwisha kuichoka Malta asiyoiona, akaniambia, "Hebu mpeleke Kilwa huyu, labda atanyamaza." Nikakubali.

Safari ilikwenda vizuri mpaka Nangurukuru. Hapo ndipo mwenda Kilwa Masoko anaposhuka na kutafuta gari jingine, na basi linaendelea Lindi na Mtwara. Tukashuka. Begi la shemeji, lenye kaptula ya kuogelea, miwani ya kuzamia na mashati yenye picha za minazi, halikushuka. Konda alipopigiwa simu alitupa habari njema: "Begi lako liko salama kabisa, mzee. Linakwenda Lindi."

Ndivyo mtu wa Malta alivyoingia Masoko, na suruali moja ya ofisini na viatu vya kamba. Mwenye nyumba ya wageni alimwonea huruma, akamwazima msuli. Shemeji akaufunga kama taulo la hotelini, na kila akipiga hatua anaushika. Watoto wa mtaani wakatufuata mpaka mgahawani, wakisubiri kwa adabu jambo ambalo wao waliliona haliepukiki.

Mgahawani ukuta mzima ulikuwa menyu. Shemeji akafurahi, maana Malta nako huandika.

"Kamba?"

"Wamekwisha."

"Pweza wa nazi?"

"Leo hajaja," binti akajibu, kana kwamba pweza ni mfanyakazi mwenzake aliyeomba ruhusa.

"Sasa kuna nini?"

"Changu yupo."

"Yuko wapi?"

Binti akaonyesha kidole baharini. Kijana akapewa hela na baiskeli, akaondoka. Tukahadithiwa Malta, jinsi mtu anavyoketi tu akaletewa mkate na zeituni. Ilipokwisha, ikaanza upya. Changu alipofika, mzima, na wali wa nazi, ndimu na pilipili, Malta haikutajwa tena mpaka ikabaki miiba. Mimi nasema mgahawa ambao samaki wake alikuwa bado anaogelea ulipomwagiza haudaiwi radhi na mtu.

Asubuhi tukachukua kibali, tukapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani, magofu yaliyo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Na huko, kwa bahati mbaya ya shemeji, kila hadithi ilikuwa ya nguo. Mwongoza wageni alianza na Ali bin Hassan, Mshirazi ambaye masimulizi ya kale yanasema alikinunua kisiwa hiki kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Shemeji akautazama msuli wake. Haukumzunguka hata yeye.

Tukapita Msikiti Mkuu, tukafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, lenye bwawa la pembe 8 juu ya mwamba unaotazama bahari. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri huyo anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa zote. Shemeji akamgeukia mwongozaji wetu, akamkagua suruali kwa makini. Mwongozaji akasogea upande wangu.

Nikaona nafasi yangu imefika. Nikamweleza kwamba Ibn Battuta huyo huyo, aliyeusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi, baadaye alipitia Sardinia, kisiwa cha bahari ile ile ya Malta, na kwa kuwahofia wenyeji wake akaweka nadhiri ya kufunga miezi 2 mfululizo Mungu akimtoa huko salama. Shemeji akasema Sardinia si Malta. Hilo sikuweza kulipinga.

Tuliporudi pwani, karibu na ngome iitwayo Gereza, mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya matope, na nahodha amelala ndani yake.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Yakijaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Tukiondoka."

Mediterania maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Huku kwetu siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na ufuko mzima unaweza kukuaga ukiwa unafungua soda. Shemeji alilichukulia jambo hili kama uzembe wa mtu fulani. Alitaka kujua anayehusika ni nani. Nahodha akafungua jicho moja, akaonyesha mbinguni, akalifumba.

Tukienda kulifuata begi, Kivinje tulipita bila mzaha. Ukishapaona mahali pa mwembe ambao Wajerumani waliwanyongea waliowapinga, huna hamu ya kumcheka mtu kwa msuli.

Lindi begi lilikuwa linatungoja stendi, limekaliwa na bibi mmoja mwenye korosho aliyetusifia ulaini wake. Shemeji hakutaka chai wala chakula. Akavaa kaptula, miwani akaivaa kabisa usoni, tukashuka ufukoni. Bahari haikuwapo. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na mchanga mtupu na kina mama wameinama na vijiti vyao wakichokoa pweza. Yeye hakujali. Akaanza kutembea kuelekea Kitunda ng'ambo, akihesabu kwamba mbele kidogo maji yatamfika magoti. Akaendelea. Akawa mdogo. Akawapita kina mama wote, bado hajalowa juu ya kifundo cha mguu, ndipo mmoja akanyoosha mgongo, akakinga mdomo kwa mikono.

"Baba! Ukiyakuta, yaambie tunayasubiri na sisi!"