Barua ya Wazi kwa Idara ya Ruhusa na Vikumbusho

Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Ruhusa na Vikumbusho,
Makao Makuu ya Programu ya Kuchezea Muziki (jina nimelihifadhi),
Ng'ambo.

YAH: OMBI LENU LA KUTUMIA INTANETI, AMBALO LILIKWISHA KUJIBIWA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza kabisa napenda kuwashukuru kwa heshima mnayonipa. Raia wa kawaida hajazoea kuombwa ruhusa. Nauli ya daladala hupanda akiwa amelala, mtaro huchimbwa mbele ya mlango wake na kuachwa wazi, na hakuna anayepiga hodi kumuuliza. Ninyi lakini, kila nikigusa wimbo, mnasimama mbele yangu na kidirisha chenye adabu zote: programu ingependa kuunganishwa na intaneti, je, naruhusu? Siku za mwanzo nilijiona waziri. Shirika zima la ng'ambo, lenye majengo ya vioo na mawakili wake, limekaa linasubiri kidole changu.

Shida ni kwamba waziri alikwisha kuamua. Jibu ni hapana. Na kwa kuwa hapana haimo kwenye kidirisha chenu, jibu hilo limekosa pa kukaa. Kuna kitufe cha "Ruhusu", kikubwa, cha buluu, kinameremeta. Kuna maandishi ya kijivu yasemayo "Nikumbushe baadaye". Nimekagua pembe zote nne na sikuona kingine, isipokuwa ile alama ya kufungia kule juu, ambayo naamini kwenye daftari zenu inasomeka kuwa mteja bado anatafakari. Basi natafakari. Natafakari asubuhi, natafakari magharibi, na katikati ya ubeti pia natafakari, maana kidirisha hakina subira ya kungoja kibwagizo kiishe.

Naomba nieleze mazingira ya kazi yenyewe, huenda makao makuu hayajafika. Wimbo ninaotaka kuusikia ni wa Mbaraka Mwinshehe. Faili lake limo ndani ya kompyuta yangu, lilitoka kwenye flashi ya shemeji, naye aliunakili wimbo kutoka kanda iliyorekodiwa redioni zamani. Kutoka kwenye diski hadi kwenye spika ni shibiri chache, na njia nzima haivuki hata kizingiti. Mwanamuziki mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, na tangu hapo hajaongeza ubeti wala kupunguza gitaa. Sasa kuna habari gani mpya kumhusu ambayo programu lazima ikaiulizie usiku huu huu, kabla sijafika kwenye tarumbeta?

Ningemwalika mpiga udi nyumbani, nikamkalisha mkekani, nikampa kahawa, halafu kila akimaliza wimbo akaomba kutoka nje apige simu, ningesema ama ana mgonjwa hospitalini, ama kuna mtu anampa habari za nyumba yangu. Programu haina mgonjwa.

Msiudhike kwa dhana hiyo. Sikuizua mimi, wamenirithisha wenzenu wa fani moja. Mwaka 1999 mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta wa Marekani, Richard Smith, alikaa akachunguza kinachotoka kwenye programu ya RealJukebox ya kampuni ya RealNetworks. Akakuta kila aliyeisakinisha amepewa namba yake ya utambulisho, na namba hiyo ikisafiri hadi makao makuu pamoja na majina ya CD anazocheza na idadi ya nyimbo alizonazo. Mpenzi wa muziki alidhani anasikiliza, kumbe anasikilizwa. Kampuni iliomba radhi na kutoa kiraka cha kuziba tundu. Mwaka 2002 bwana huyo huyo akaigeukia Windows Media Player ya Microsoft, iliyokuja na Windows XP. Ukiweka DVD, programu iliiuliza seva ya Microsoft hii ni filamu gani, na humo humo ndani ya kompyuta ikaweka kumbukumbu ya filamu ulizotazama. Baada ya kuulizwa na waandishi wa habari, kampuni ilichukua hatua ya haraka: ilirekebisha maelezo yake ya faragha ili yaseme kwamba jambo hilo hufanyika. Mwezi Januari 2006 ikawa zamu ya iTunes ya Apple, ambayo ukibonyeza wimbo ilipeleka habari zake ili ikupendekezee vya kununua. Watu walipopiga kelele, ikabadilishwa ianze kazi pale tu mwenye nyumba atakapokubali. Kwa hiyo inawezekana. Hilo la mwisho naomba lipigiwe mstari huko makao makuu.

Najua mtasema ninyi hamna nia mbaya, mnatafuta tu jina la albamu na picha ya kava. Sawa. CD ya muziki mara nyingi haibebi majina ya nyimbo zake, inabeba sauti na urefu wa kila wimbo, basi. Ndiyo maana miaka ya tisini wapenzi wa muziki huko Marekani waliunda hifadhidata ya CDDB: kompyuta inapima urefu wa nyimbo, inauliza ni diski gani yenye vipimo hivyo, na inajibiwa kwa majina ambayo watu wa kujitolea waliyaandika kwa mikono yao. Kazi nzuri mno, ingawa baadaye iligeuka kuwa biashara na wale waliojitolea wakabaki wanajiuliza walijitolea kwa nani.

Lakini angalieni vipimo hivyo vinavyotutendea sisi. Nilipokuwa bado naruhusu, programu yenu ilitoka na diski yangu ya taarabu ya zamani, ikazunguka dunia, ikarudi kifua mbele na kava lenye vijana wanne wenye nywele mabegani na suruali za ngozi. Tangu siku hiyo Siti binti Saad anaimba chini ya jina la bendi ya roki, na kila nikimrudishia jina lake, programu inaomba intaneti ili imsahihishe tena. Mama wa watu alivuka bahari kwa meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Nauli ile inamtosha. Hana haja ya kuvushwa upya kila jioni kwa gharama yangu.

Na gharama ndiyo penyewe. Huko kwenu nasikia intaneti inaingia nyumbani kwa bomba, inatiririka usiku kucha, na anayeihesabu ni mgonjwa. Hapa tunaipima kwa MB. Tunanunua bando, tunawasha hotspoti kwenye simu, kompyuta inajishikiza hapo. Kompyuta, maskini, ikiona Wi-Fi inadhani imefika kwa tajiri. Isipokuwa umekwenda kwenye mipangilio ya Windows ukaiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, itaachia kila programu ijichotee. Wewe unakwenda jikoni kugeuza chapati, yenu inapakua toleo jipya lenye vitufe vilevile vilivyohamishwa upande wa kushoto. Ukirudi, simu ina ujumbe wa mtandao: umetumia asilimia mia moja ya kifurushi chako. Bando la wiki haliioni Jumatano. Sijawahi kuona kidirisha kinachouliza, "Je, unaruhusu tukulipie?"

Nakiri kwamba ninyi wa kwenye kompyuta mna adabu kuliko ndugu zenu wa kwenye simu. Kwenye Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, programu ikitaka kamera lazima ikuombe, ikitaka maikrofoni ikuombe, ikitaka kujua ulipo ikuombe. Intaneti haimo kwenye orodha hiyo. Ruhusa ya intaneti imewekwa kwenye fungu la mambo ya kawaida, inatolewa kimyakimya programu inaposakinishwa, na mwenye simu hapigiwi hodi. Anayetazama picha zako lazima abishe mlangoni, lakini mlango wa kuzitolea nje uko wazi. Kwa hiyo msinione sina shukrani. Kero ya kuulizwa kila mara ni nafuu kuliko heshima ya kutoulizwa kabisa. Ninachoomba ni daraja la tatu, ambalo halihitaji shahada: kuulizwa mara moja, kujibu, na jibu kuandikwa mahali.

Wapo walioliweza. VLC, ile yenye koni ya barabarani, ilianzia mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale karibu na Paris waliotaka kutazama televisheni kupitia mtandao wa chuo. Mpaka leo inasimamiwa na shirika lisilo la faida na haiuzwi. Unapoifungua mara ya kwanza kwenye kompyuta inakupa maelezo ya faragha yenye visanduku vya kuweka tiki: iende kutafuta taarifa za nyimbo au isiende, ichungulie matoleo mapya au isichungulie. Unaondoa tiki, unafunga, mnaheshimiana. Kama wanafunzi waliweza kuanzisha kitu chenye kumbukumbu ya namna hiyo, idara nzima yenye mkurugenzi inashindwaje kukumbuka neno moja?

Kwa kutenda haki, hoja yenu ya usalama naipokea. Programu ya kuchezea video inafungua mafaili kutoka kwa kila aina ya watu, na faili lililotengenezwa kwa hila linaweza kumwingiza mwizi kupitia tundu lisilozibwa. Sasisho la kuziba tundu nitalilipia MB zangu bila kinyongo, mara moja kwa mwezi, siku nitakayoichagua mwenyewe. Ila msije na hoja hiyo mkaiburuza hadi kwenye picha za kava na mapendekezo ya nyimbo. Mwaka 2017 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba hata manukuu ya filamu, yale maandishi ya chini, yakipakuliwa kutoka mtandaoni yangeweza kutumika kuiteka kompyuta kupitia programu kadhaa za video, na VLC niliyoisifu hapo juu ilikuwa miongoni mwake hadi ilipozibwa. Safari nyingi za nje si lazima zilete ulinzi. Nyingine ndizo zinazoleta wageni.

Pia mawakili wenu wapitie sheria. Ile ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka kuondoa ridhaa kuwe kwepesi sawa na kuitoa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Sikusudii kwenda mahakamani kwa ajili ya kitufe cha kijivu. Nataja tu, kama ninyi mnavyonitajia tu kwamba intaneti ingeboresha matumizi yangu.

Wakati nikisubiri majibu, nimechukua hatua za muda. Ndani ya mipangilio ya programu nimeondoa tiki kwenye kutafuta taarifa za nyimbo, kwenye masasisho ya moja kwa moja, na kwenye ule mpango wa kuwasaidia kuboresha bidhaa kwa kuwatumia takwimu zangu, ambao niliukuta nimejiunga nao kwa hiari. Kisha nikaenda kwenye fayawoli. Nimegundua kwamba fayawoli ya Windows, jinsi inavyokuja, huwahoji wanaoingia na kuwapungia mkono wanaotoka. Nikaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, nikaandika kanuni mpya ya watokao, nikachagua programu yenu kwa jina na mahali ilipo, nikabonyeza zuia. Mbaraka aliimba mpaka mwisho.

Jana, hata hivyo, kidirisha kilirudi na lugha mpya. Hakiombi ruhusa tena. Kinanipa pole kwa kukosa intaneti na kunishauri niwasiliane na mtoa huduma wangu. Chini yake kuna kitufe kimoja tu: "Jaribu tena".

Nawatakia kazi njema.

Wenu katika kutafakari,
Mteja mnayemjua kwa namba

Nakala:
Fayawoli, kwa utekelezaji.
Shemeji, aje na flashi nyingine.
Bando la wiki, kwa taarifa, iwapo barua hii italikuta.