Beatles Wanahitaji Maslaha

Saa nane ni muda mrefu wa kumtazama mtu akitafuta wimbo. Lakini huo ndio urefu wa Get Back, filamu ya makala ya sehemu tatu ambayo Peter Jackson, yule wa The Lord of the Rings, aliitoa mwaka 2021. Alikaa na takriban saa 60 za picha zilizopigwa Januari 1969, Beatles walipokuwa wakihangaika na albamu mpya, akazipunguza mpaka zikabaki hizo. Hakuna anayefukuzwa na simba. Watu wanakunywa chai, wanakula mkate wa kuchoma kwa jemu, wanarudia kipande kilekile, kisha wanaagiza chai nyingine.

Fundi mmoja wa kompyuta mjini Garissa, ambaye mapenzi yake kwa bendi hiyo hayajapata mwenzake upande huu wa daraja la Tana, aliona hayo yanafaa kabisa kuonyeshwa uani, baada ya sala ya Isha, kwa jamaa zake wote. Filamu ilikuwa kwenye flashi. Projekta aliazima. Skrini alikosa, akachukua shuka la eedo yake, dada wa baba, bila kumwambia. Lilikuwa jeupe na safi, ila lilikuwa na maua makubwa kwenye pindo la kulia, na huko kulia ndiko Ringo Starr alikopenda kukaa. Akapiga ngoma muda mrefu akiwa na waridi puani. Eedo alilitambua shuka lake kabla hata ya kuuliza hao vijana ni akina nani.

Tatizo lililofuata lilikuwa la ukalimani. Wazee hawakukipata Kiingereza cha Liverpool, kwa hiyo fundi akajitolea kuwatafsiria kwa Kisomali. Paul McCartney anaeleza kwa dakika nzima, anachora hewani kwa vidole, anaimba mfano, anamgeukia George Harrison, anaeleza upya.

“Anasema nini?” mzee mmoja akauliza.

“Anasema warudie.”

“Maneno yote hayo?”

Kwa haki ya fundi, ukiitazama filamu nzima utaona hakukosea sana.

Mkosi mwingine ulikuwa Yoko Ono. Amekaa ubavuni mwa John Lennon tangu siku za mwanzo, anasoma gazeti, anashona, anafungua barua, watu wakimzunguka na magita yao. Eedo akataka kujua huyo mwanamke ni nani hasa. Fundi, akichelea heshima ya ua, akajibu haraka kwamba ni mke wa yule mwenye nywele ndefu. Ndoa ilifungwa Machi 20 mwaka huohuo, huko Gibraltar. Aliitangulia kwa miezi miwili tu, na wazee wakaridhika.

Lakini eedo hakuwa mtazamaji wa kawaida. Ni mwanamke wa buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali unaoghaniwa harusini kwa ngoma na makofi, mmoja akisimama katikati kucheza na mwingine akimwaga beti za kumsifu bibi harusi na ukoo wake. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, tungo zilihifadhiwa kichwani, na baadaye kaseti zikasaidia kuzisambaza. Mtu wa malezi hayo akimwona Paul akimung'unya sauti zisizo na maana mbele ya maikrofoni, hashangai. Anakasirika.

“Huyu hana maneno bado,” alisema, “na ameshaita watu?”

Akawataja dada wa hapahapa mjini, kundi la Gargar la Anab Gure Ibrahim, waliotoa albamu ya Garissa Express pamoja na studio ya Ketebul Music ya Tabu Osusa. Je, hao wangepanda basi kilomita mia tatu na zaidi kwenda studio Nairobi, wafike ndipo waanze kutafuta maneno? Nauli ni ya nani?

Kisha kikaja kile kipande ambacho wahakiki wa dunia nzima walikiita muujiza. Januari 7, John amechelewa. Paul anakwaruza besi yake kama gita, bila mpango. George anapiga miayo. Dakika chache baadaye, kutoka patupu, wimbo wenyewe wa Get Back umesimama, na Ringo anaupigia makofi. Uani kukawa kimya. Eedo akainama mbele, akaanza kupiga makofi pia, kidogo mbele ya Ringo, kana kwamba anamvuta. Kuhusu muujiza hakuwa na la kusema. Harusini ndivyo unavyokuja, alisema, ila harusini bibi harusi yuko mlangoni, huwezi kupiga miayo.

Januari 10, George aliinuka, akasema anaiacha bendi, akatoka. Stima nayo ikatoka.

Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2019. Jua lenyewe, hata hivyo, hulala mapema. Gizani, chupa ya chai ikizungushwa, wazee hawakungoja stima. Waliketi kwa maslaha, kikao cha wazee cha kusuluhisha ugomvi. Nani amemtukana George? Hakuna aliyemtukana, fundi akaeleza, ila Paul amekuwa akimwelekeza namna ya kupiga gita. Mbele ya kamera? Mbele ya kamera. Hilo likahesabiwa kosa. Mmoja akapendekeza faini ya ngamia wawili, mwingine akaona mmoja anatosha kwa kuwa George naye si maskini.

Huwezi kuwacheka. Hili ni eneo ambalo wanawake wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza kuzikutanisha koo zilizokuwa zikiuana, mpaka wazee wa koo wakatia saini azimio la amani la Al-Fatah mwaka 1993. Na stima iliporudi, ikaonekana utaratibu wa Waingereza ulikuwa uleule: kikao cha kwanza nyumbani kwa Ringo kikavunjika, cha pili siku chache baadaye kikafaulu, na George akarudi kwa masharti. Ngamia hawakutajwa.

Kufikia Januari 30, bendi ilipopanda kupiga juu ya paa mtaani Savile Row, nusu ya watoto walikuwa wamelala mkekani. London ilikuwa na baridi kali mchana ule. John amevaa koti la manyoya la Yoko, Ringo amevaa koti jekundu la mkewe. Mzee wa ngamia mmoja alitaka kujua kama makoti ya wanaume yaliisha dukani. Wakapiga dakika zipatazo 40, majirani wakalalamika, na polisi wakafika, vijana wawili wenye adabu waliosimama mapokezi wakiomba sauti ipunguzwe, kisha wakapanda juu, nyimbo zikaendelea.

Uani kila mtu aliamka.

“Wamewauliza vitambulisho?” mzee akasema.

Fundi akasema hapana.

“Rudisha nyuma.”

Akarudisha. Wakatazama tena, polisi wakipanda ngazi, Paul akiwaona na kufurahi waziwazi. Hawakuulizwa. Mzee akaomba irudishwe mara nyingine, safari hii waangalie wakati wa kushuka.