Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkata Utepe

Mkazi wa Masii,
Kaunti ya Machakos.

Kwa Mheshimiwa Mkata Utepe,
Idara ya Uzinduzi na Makofi,
Serikali Tukufu.

MINT: SHUKRANI KWA MASHINE YA CT, PAMOJA NA MAOMBI MACHACHE

Mheshimiwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Masii. Sisi hatujambo, ila mashine.

Mimi ni mtaalamu wa picha katika hospitali ya serikali, ambayo siitaji kwa jina kwa sababu kazi bado naihitaji. Wagonjwa huniita daktari. Madaktari huniita "yule wa CT". Wewe ulinipita mlangoni siku ya uzinduzi ukanikabidhi koti lako, na ninalichukulia kama ishara ya kuaminiana.

Kwanza, ahsante kwa sherehe. Sijawahi kuona mashine ikipokewa kwa heshima kama ile. Kinamama wa ngoma ya kilumi walicheza hadi vumbi likatimka, ukazawadiwa kinyago cha Wamunyu, na utepe ukakatwa mara tatu ili wapiga picha wote wapate haki yao. Jiwe la ukumbusho lipo hadi leo na halijapata hitilafu hata siku moja. Lina jina lako, cheo chako na tarehe. Jina la atakayeitengeneza mashine ikiharibika halimo, nadhani nafasi ilikwisha.

Kwa kuwa ulikaa nayo kwa muda wa wimbo mmoja tu, naona ni adabu nikutambulishe kwayo. Mashine hii ilibuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya Uingereza ya EMI, iliyojulikana zaidi kwa kuuza santuri. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, na mwaka 1979 Hounsfield na Allan Cormack wakapewa Tuzo ya Nobel. Tarehe hiyo ya Oktoba ina mambo: 1 Oktoba 2024 ndipo SHA, mamlaka ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF na mshahara wangu ukaanza kukatwa asilimia 2.75. Ya kwanza ilituletea picha, ya pili ikatuletea makato.

Kazi yake ni hii. Mrija wa eksirei huzunguka mwili wa mgonjwa, vipokezi vya upande wa pili hupima miale iliyopenya, na kompyuta hukusanya vipimo hivyo ikachora ubongo au tumbo kipande kwa kipande. Nakueleza kwa sababu siku ile uliwaambia wananchi kwamba mashine imekuja kutibu saratani. Haitibu, Mheshimiwa. Inaonyesha. Kutibu kuna bajeti yake, na utepe wake bado haujanunuliwa.

Hata hivyo, kuonyesha si jambo dogo. Mtu akipooza upande mmoja ghafla, huenda mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na hakuna awezaye kutofautisha kwa kumtazama usoni. Aliyezibwa anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi iwe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Aliyepasukiwa ukimpa dawa hiyohiyo, unammaliza. CT huamua kesi hiyo kwa dakika chache. Vivyo hivyo kwa kijana aliyerushwa na bodaboda kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, anayefika hospitalini akizungumza vizuri, akiomba maji, huku damu ikijikusanya polepole chini ya fuvu. Watu wa Masii wanaijua barabara hiyo kwa majina ya waliowazika.

Sasa nikupe habari za mgeni wako. Mashine ya CT hupenda baridi. Chumba kikipata joto, inajizima yenyewe ili mrija usiungue, na mrija mmoja unagharimu mamilioni ya shilingi. Uliileta Ukambani, mahali ambapo mnamo Februari hata mbuzi hutafuta kivuli cha mwembe, ukaiwekea kiyoyozi kimoja. Kiyoyozi kilikufa. Niliandika barua. Nikajibiwa kwamba kiyoyozi ni kifaa cha jengo, si kifaa cha tiba, kwa hiyo niandikie idara ya majengo. Idara ya majengo ikajibu kwamba kiliingia pamoja na mashine, kwa hiyo ni kifaa cha tiba. Barua hizo mbili nimezihifadhi kwenye faili moja ili zifarijiane. Kwa sasa tunatumia feni ya ofisi ya uhasibu, ambayo hurudishwa saa kumi na moja jioni kwa kusainiwa. Ajali zinazotokea baada ya saa hiyo zinaombwa zisubiri asubuhi.

Stima nayo haijahudhuria kikao chochote cha mipango. Ikipotea katikati ya picha, betri ya akiba, ambayo imezeeka, hupiga kelele mara mbili na kuzima. Nawasha upya, napasha mrija moto, naanza tena. Kwako hilo ni dakika chache. Kwa mgonjwa ni miale ya mara ya pili, na picha moja ya CT ya kichwa hukadiriwa kuwa na miale inayokaribia ya eksirei mia moja za kifua. Mimi nina beji kifuani ya kupimia miale ninayopokea kazini. Mgonjwa hana. Yeye ana risiti tu.

Picha ikipatikana, lazima isomwe na daktari bingwa wa picha. Wa kwetu yuko Nairobi. Hakuna mtambo wa kumtumia picha kwa njia rasmi, kwa hiyo nasimama mbele ya skrini nikiwa na simu yangu, nazima taa ili kioo kisiakisi uso wangu, napiga picha ya picha, kipande baada ya kipande, kisha namtumia kwa WhatsApp kwa bando nililojinunulia. Yeye huikuza kwa vidole viwili akiwa kwenye matatu na kuandika, "Damu iko kushoto, peleka haraka." Hivyo ndivyo ubongo wa mwananchi unavyosafiri, Mheshimiwa, katikati ya jumbe za mazishi na memi za asubuhi.

Usiku mmoja mwanamke mzee alinijia akiwa na mwanawe juu ya machela. Kijana alikuwa amefungwa leso kichwani, na leso ilikuwa imelowa. "Daktari," akaniambia, "tumeambiwa hapa kuna mashine." Nikamwambia, "Ipo, mwaitu." Akashukuru Mungu. Ikabidi nimalize sentensi. Wakamwondoa kwenda kituo cha binafsi kilicho karibu, ambacho mashine yake ina sifa ya ajabu ya kutoharibika kamwe. Walianza kuchangisha kwa simu hata kabla ya kuondoka. Niliona jirani yao akiahidi kuuza ndama.

Usidhani nakulaumu peke yako. Umefuata mila. Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya miaka 7 ya kukodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, angalau mbili kila kaunti, kwa makadirio ya shilingi bilioni 38. Kila kaunti ilipangiwa kulipa kiasi kilekile, Lamu sawa na Nairobi, mwanzoni takriban milioni 95 kwa mwaka, na kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 zilikuwa milioni 200. Pesa zilikatwa huko juu kabla hazijafika mashinani, na magavana wakalalamika kwamba mikataba yenyewe hawajaiona. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo ilitoa ripoti yake mwaka 2020, ikaeleza jinsi vifaa vilivyokaa bure kwingine kwa kukosa wataalamu, maji au stima. Ada ya kukodi iliendelea kulipwa hata kwa kifaa kilichokuwa bado ndani ya sanduku. Kwa lugha ya Masii, tulimlipa mchungaji mshahara wa ng'ombe ambaye hajafunguliwa zizini.

Somo la miaka hiyo lilikuwa wazi: anayelipwa kwa kuleta mashine ataleta mashine, na anayelipwa kwa picha zilizotoka atahakikisha zinatoka. Wewe ulilielewa kwa namna yako. Ulihakikisha picha yako imetoka.

Kwa heshima na taadhima, naleta maombi yangu:

Kwanza, utepe ukatwe mwaka mmoja baada ya mashine kufika, na ukatwe tu ikiwa inafanya kazi. Kama haifanyi, mheshimiwa aje hivyohivyo, akae kwenye benchi ya wagonjwa tangu asubuhi, ahutubie waliopo.

Pili, jiwe la ukumbusho liandikwe jina na namba ya simu ya anayewajibika kwa matengenezo. Jina lako libaki, kwa herufi ndogo chini, baada ya neno "tazama pia".

Tatu, kabla ya mashine kununuliwa, waajiriwe watu. Chuo cha tiba cha KMTC hufuzisha wataalamu wa picha kila mwaka, na wengi wao wanazunguka na bahasha za kahawia. Hapa kwetu mimi ni zamu ya mchana, zamu ya usiku na zamu ya dharura. Nikienda kumzika mjomba, idara nzima imefiwa.

Nne, mheshimiwa yeyote anayezindua CT apigwe picha ya kwanza kwenye mashine hiyo, na akiugua arudi papo hapo, si Nairobi wala India. Naahidi kumhudumia kama ninavyomhudumia kila mtu: nitaomba feni uhasibuni.

Tano, ukisikia kwamba Masii imeahidiwa mashine mpya kabla ya uchaguzi, tafadhali usije. Tuna mashine. Tunachokosa ni mkataba wa matengenezo wenye tarehe na adhabu, kiyoyozi chenye mwenyewe, betri ya akiba inayoshika, mtambo rasmi wa kutuma picha, na wenzangu wawili wa kushika usiku. Hayo hayana utepe, hayapendezi kwenye gazeti, na hakuna ngoma inayochezwa kwa ajili ya betri. Lakini bila hayo, CT ni kitanda ghali ambacho hakuna anayeruhusiwa kukilalia.

Wako mtiifu kazini,

Mtaalamu wa picha, Masii.

Nakala: Kila mlipa kodi wa Kaunti ya Machakos. Uchaguzi ni Agosti 2027. Atakayekuja kukuomba kura akikuahidi mashine, muulize ni nani atakayeitengeneza na kwa bajeti gani. Asipokuwa na jibu, mrudishie kofia yake.