Volti ni Volti

Pamba ikishauzwa, Bariadi huingia msimu wa mbina, mashindano ya ngoma za Wasukuma. Vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kwa dawa na mbwembwe kama enzi za mababu, ila siku hizi pana spika, na spika inataka betri. Fundi anang'oa betri ya Fuso, anaiunga kwenye amplifaya na kutangaza: "Volti ni volti!" Betri ya gari ina sahani nyembamba, kazi yake ni kupiga starta sekunde chache, kisha ijazwe na alteneta. Ya sola sahani zake ni nene, hutoa umeme polepole usiku kucha. Lakini ni ghali, na bwana sherehe ameshachinja ng'ombe. Alfajiri Fuso inasukumwa na washindani wote, kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja.

Mwenye betri ya sola naye hana nafuu. Ikifika nusu ilitakiwa ipumzishwe, ichajiwe. Yeye huikamua hadi manju asikike kama mlevi. Maji ya betri anayaona anasa, kwa hiyo anainywesha ya kisima, madini na yote. Ikifa, lawama apewe Mchina.