Posa Iliyopokelewa kwa Vilio

Barua ya posa ya mdogo wangu ilikuwa iletwe Jumamosi baada ya alasiri, na nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilijiandaa vizuri tu. Mama alitandika vitambaa vya kufuma kwenye makochi. Mama mdogo akashika jiko la pilau. Babu akavishwa kanzu na kuonywa asiichafue. Baba mdogo, mwalimu mstaafu, akapewa kazi aliyoiomba mwenyewe: kuwakaribisha wageni kwa shairi.

Kwa Baba mdogo mshairi ni mmoja tu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909. Wengine wote wanajaribu. Na katika kazi zote za Shaaban, aliyoihifadhi bila kukwama ni “Amina”, shairi la kumlilia mkewe aliyefariki. Nikamwambia, “Baba mdogo, hii ni posa.” Akanijibu kwamba hakuna mapenzi ya mke na mume yaliyothibitika kama ya mtu anayemlilia mwenziwe kaburini. Ukimsikiliza harakaharaka unaweza ukakubali.

Akaanza mazoezi uani. Kufika katikati, sauti ikakatika. Akarudia tangu mwanzo, ikakatika palepale. Mtu huyuhuyu nilimwona siku tuliyomzika bibi, mama yake mzazi: macho makavu, anahesabu viti na kuuliza turubai limelipiwa na nani. Simlaumu. Msiba wa kweli una kazi nyingi. Mwanamume mwenye nyumba hapati nafasi ya kulia mpaka sufuria za kukodi zirudishwe, na zikisharudishwa watu wanataka wamwone kashapoa. Shairi halidai turubai. Lina mizani 16 kila mshororo, nane za kuvuta pumzi na nane za kuitoa, na kina unakisikia kinakuja tangu mbali, huna pa kukikwepea.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Mwanzo alicheka. Baadaye akaweka mwiko chini, akaegemea mlango na kufuta macho kwa ncha ya kanga. “Mwenzangu kafa analiliwa kwa vina,” akaniambia. “Mie nililazwa hospitali akaniletea machungwa, akayala mwenyewe.” Pilau ikaanza kushika chini, harufu ikatanda uani, na hakuna aliyeinuka.

Sebuleni nako redio ilikuwa kwenye zilipendwa, na zamu ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe na “Shida” yake. Mama alikuwa msichana mwaka 1979 iliposikika kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, na tangu hapo kila akiimba, kwake ni marehemu anayezungumza. Muziki wetu wa dansi una ujanja: maneno yanakuliza, magitaa yanakutikisa mabega. Basi Mama akawa analia huku anayumba, na kwa anayechungulia dirishani hiyo si dansi hata kidogo.

Kibarazani alikaa mpwa wangu wa kidato cha nne na “Watoto wa Mama Ntilie” ya Emmanuel Mbogo. Alikuwa amefika pale watoto wanapofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mwalimu wake kamwagiza aorodheshe dhamira. Alikuwa akiziorodhesha, na machozi yanadondokea daftari. Hilo lilinifurahisha kuliko dhamira zenyewe.

Chini ya mwembe, Babu alikuwa ametoka kufungwa bao na kijana wa jirani. Sijui mchezo unaoumiza kama bao. Mcheza karata atalaumu mkono mbaya, mcheza ludo atalaumu dadu. Kwenye bao hakuna kilichofichwa: kete 64 ziko wazi machoni, na nyumba yako ikiliwa, uliiona tangu zamani ikienda kuliwa. Babu hakuwa na wa kumlaumu. Alijiinamia, kiganja usoni, kanzu nyeupe imeburura vumbini.

Ndivyo walivyotukuta. Mshenga alitangulia na wazee wenziwe nyuma: mzee kajiinamia, kijana analia kibarazani, mwanamke anayumba sebuleni, na uani sauti ya kiume inamwita marehemu kwa jina. Hodi yake ikatoka kwa sauti ya chini. “Poleni sana. Wallahi hatukuwa na habari.” Barua ya posa ikarudi mfukoni mwa koti. Akawachangisha wenziwe palepale, akaenda kumkabidhi noti Baba mdogo, aliyekuwa na macho mekundu kuliko wote. Baba mdogo akadhani anatunzwa kwa shairi. Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaanza ubeti wa kwanza upya.

Wazee wakaketi, wakainua viganja kusoma Fatiha.

Aliyetuokoa ni mdogo wangu, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana. Alitoa kichwa nje ya pazia na kuuliza, “Kwani nani kafa?” Mama akazima redio. Tukaanza kueleza sote kwa pamoja.

“Huyo Amina ni nani?” mshenga aliuliza.

“Mke wa Shaaban.”

“Shaaban wa barabara ya ngapi?”

“Shaaban Robert! Hata mwenyewe alishafariki, 1962.”

“Inna lillahi,” akasema mzee mmoja, aliyekuwa mzito kidogo wa masikio.

Barua ilitolewa tena, ikasomwa, ikapokewa. Pilau ililiwa ya juu, ya chini wakapewa kuku. Ilipofika saa ya kuaga, mshenga alimnong’oneza Baba mdogo kama zile fedha za mwanzo zingeweza kuhesabiwa kwenye kishika uchumba. Baba mdogo akakataa: yeye katunzwa, na tuzo ya mshairi hairudishwi. Mshenga akasema alitoa rambirambi. Babu akaitwa aamue, akasema aachwe kwanza, anatafuta ile kete aliyokosea.

Mama mdogo ndiye aliyekata shauri. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati la mumewe, akazitoa noti zote na kuzifunga kwenye pindo la kanga.

“Kama ni rambirambi, mke anayeliliwa humu ndani ni nani? Ni mimi,” akasema. “Jumatatu naenda kununua doti mbili.”