Ampu ya Wati 1,500

Gari la abiria hapa Kyela linaweza kukosa saidimira, kioo cha nyuma na hata breki ya mkono, na bado likajaza watu. Likikosa mziki, litakaa stendi mpaka mpunga uvunwe tena. Ndiyo maana shemeji yangu, alipoleta Noah yake ya ruti ya Matema, alifunga sabufa na ampu kabla hajabadilisha tairi. Boksi la ampu liliandikwa wati 1,500. Nikamwonyesha fyuzi mbili za ampia 15 zilizochomekwa ubavuni mwake. Ampia 30 mara volti 14 ni wati 420, hesabu ya shule ya msingi.

"Shemeji," akanijibu, "wewe unasoma fyuzi, wenzako wanasoma boksi."

Stendi mziki ulipiga vizuri. Matatizo yalianzia barabarani. Besi ikidunda, taa za mbele zinafifia, ampu inawasha kitaa chekundu na kunyamaza, mwimbaji kakatwa katikati ya neno. Isitoshe, dereva akikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi unaopanda pamoja na injini. Mama mmoja mwenye ndoo ya usipa aliteremka kabla ya kituo chake, akidai gari lile lina mbu asiyekufa.

Hapo kila mtu akawa fundi. Kijana wa bodaboda alisema betri. Muuza spea alisema altaneta, na kwa bahati njema anayo moja dukani. Mzee wa kanisa alilaumu aina ya nyimbo. Fundi aliyeitwa kwanza (simtaji, ana watoto wanaosoma) alipoona fyuzi ya karibu na betri inakatika mara kwa mara, aliiviringishia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Haikukatika tena, hilo nampa. Ila waya wa moto unaopita chini ya siti ukaanza kunuka plastiki. Kazi ya fyuzi ni kufa kabla ya waya. Ukiizuia kufa, waya unashika zamu, na juu ya waya huo wameketi watu waliolipa nauli.

Shemeji akaamua ampu ni mbovu. Akapanda basi hadi Mwanjelwa, Mbeya, akarudi na nyingine kubwa zaidi. Hiyo ikawa inazima mapema kuliko ya kwanza, maana nayo inadai umeme mwingi zaidi kupitia njia ile ile.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Ipinda, mwenye mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwa raba isiachane. Ampu hakuigusa. Alipima betri injini ikiwa imezimwa: 12.5. Injini ikiunguruma: 14.1.

"Betri nzima, altaneta nzima. Mwambieni muuza spea asubiri."

Akazunguka nyuma, akapima kwenye skrubu za ampu wakati besi inadunda. Mita ikasoma 10.3.

"Volti karibu nne zimeteremka njiani," akasema. "Tumtafute konda aliyeziteremsha."

Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye skrubu ya ethi ya ampu. Panapotakiwa kusoma karibu na sifuri, ikasoma zaidi ya volti mbili. Tukainua kapeti la buti. Waya wa ethi ulikuwa umekazwa kwenye boliti ya siti juu ya rangi, na pembeni kutu nyekundu imetuna, imenasa magamba ya samaki. Mvua za Kyela unazijua, na ndoo za usipa na mbasa kutoka Matema hazina mifuniko.

Mzee akasugua kwa msasa hadi bati likang'aa, akakaza waya kwa washa yenye meno, akapaka grisi. Kisha akaukwangua waya wa moto kwa wembe: nje wekundu wa shaba, ndani weupe pe. Aluminiamu iliyovaa shaba. Tena ulikuwa umechubuka pale unapopenya bati la mbele, ndiyo sababu ya fyuzi kukatika. Akapitisha waya mnene wa shaba tupu, kwenye tundu akaweka kipande cha ndala usichubuke tena, na fyuzi halali akaifunga shibiri moja kutoka betri.

Mluzi ukakata. Taa zikatulia. Ampu ya kwanza ikarudishwa, ikapiga hadi Matema bila kukohoa, kwa wati zake chache za kweli. Malipo ya mzee, ukitoa bei ya waya, hayakufika nauli ya shemeji kwenda na kurudi Mbeya.

Ile kubwa ya Mwanjelwa bado iko kwenye boksi lake, inauzwa. Kama unaitaka, mzee wa Ipinda anashauri uinue kwanza kapeti la gari lako. Shemeji naye anakuomba usimsikilize mzee.