Bamvua hadi Bamvua

Jumamosi. Bamvua.
Tumefika Maziwe saa nne asubuhi, maji yametoka kabisa na kisiwa kiko juu. Ni fungu la mchanga mtupu lisilo na mti hata mmoja, na bamvua likijaa jioni huzama lote. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo. Mgeni ana saa chache tu za kukanyaga mchanga huo. Nimetia nanga hatua mia hivi kutoka ufukweni, maana mbele ya hapo matumbawe yako karibu na uso wa maji. Wageni watano wameogelea hadi mchangani. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake kutoka Korogwe amebaki botini, magoti hayamruhusu. Amekaa saa mbili chini ya turubai akiwatazama wenzake. Tuliposhuka Pangani alinishika mkono akasema, "Nimekiona, mwanangu. Nimekiona kwa macho." Sikupata la kumjibu.
Nitatafuta kayaki ya kupakia botini kabla ya bamvua lijalo. Nina siku 14.

Jumapili.
Nimepima boti. Ni ya faiba, futi 23, mashine ya farasi 40. Nafasi iliyo wazi ni upande wa kushoto, kuanzia benchi la nyuma hadi karibu na omo. Nimepima kwa utepe wa cherehani wa mke wangu, nikaandika 122 kwenye daftari bila kuandika ni inchi. Mchana mzima nimeulizia kayaki za watoto zisizozidi sentimita 122. Jioni mke wangu ameugeuza utepe na kunionyesha namba za upande wa pili. Nafasi ni mita 3 na sentimita 10. Nimeifuta namba ya kwanza na kuandika upya kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu.
Leo nimeandika aina zilizopo, nisizichanganye. Kayaki ilianzia kwa Wainuiti wa Aktiki: fremu ya mti uliookotwa pwani au mfupa wa nyangumi, ikavikwa ngozi ya sili, na mwindaji akaketi ndani ameziba kiuno. Ilibidi aketi ndani, maana maji ya kule huua kwa baridi. Za plastiki za kukaa ndani bado zipo, lakini zikipinduka hujaa maji, na kuyafua ukiwa katikati ya bahari ni kazi kubwa. Za kukaa juu zimezibwa pande zote, zina matundu yanayopita toka juu hadi chini, na maji yakiingia hutoka yenyewe. Aliyeanguka hupanda tena. Za tatu ni za kujaza upepo. Bahari yetu ina joto mwaka mzima, hakuna wa kuzibwa kiuno. Nimekata aina ya kwanza.

Jumatano.
Hoteli moja ya Ushongo imeniazima kayaki ya kukaa juu ya watu wawili. Urefu mita 3 na sentimita 70, uzito kilo 32. Mchangani mimi na mpwa wangu, ambaye ndiye baharia wangu, tumeibeba tukizungumza. Baharini mambo yamekuwa mengine. Tulipoinama wote wawili upande mmoja kuivuta, boti imelala, kayaki imeteleza na kugonga ubavu. Mkwaruzo una urefu wa kiganja. Mara ya tatu tumeipandisha, lakini imetokeza mbele ya omo na kukaa juu ya kamba ya nanga. Tumeelea bila nanga kwa muda, hadi mpwa wangu akaweza kuichomoa kamba kwa chini.

Alhamisi.
Nimesema basi isipakiwe, ivutwe nyuma. Asubuhi kumetulia na imefuata vizuri. Mchana kaskazi imevuma, mawimbi yamekuja kwa nyuma, na kayaki imepanda wimbi na kuja kugonga mashine. Nimerudisha boti nyuma kidogo ili niikamate. Kamba ilikuwa ya nailoni, ambayo huzama, nayo imejizungusha kwenye propela. Mpwa wangu amezama na kisu mara nne. Ya kuvutia iwe kamba inayoelea, na ifupishwe kabla ya kurudi nyuma. Kwa safari ya Maziwe, kuvuta si jibu.

Ijumaa.
Baada ya sala nimemfuata fundi wa mitumbwi, mzee aliyemjua marehemu baba. Nilitaka bei ya hori. Hakutaja bei. Ameuliza, "Mko wangapi wa kukipandisha?" Nimemwambia wawili. Ameuliza tena, "Upepo ukiwepo?" Nimesema wawili hao hao. Amenionyesha hori la mwembe alilokuwa akilichonga, akaniambia nilinyanyue upande mmoja. Sikuweza kulisogeza. Amesema, "Mnanunua chombo mkiangalia kinavyokwenda. Wewe angalia kinavyorudi." Nimerudi nyumbani nikitembea polepole. Siku sita nimekuwa nikiuliza kayaki ina urefu gani, inabeba wangapi, inakwenda vipi. Swali la kwanza lilikuwa hilo la mzee.

Jumapili. Maji mafu.
Nahodha mwenzangu ameniazima kayaki ya upepo. Kilo 15, inaingia kwenye begi, mtu mmoja anaipandisha. Nimeijaza alfajiri ikawa ngumu kama ubao, nikaiacha uani niende sokoni. Niliporudi saa saba jua lilikuwa juu yake, hewa imepanuka ndani, na mshono mmoja wa sakafuni umeachia kwa mlio ambao jirani aliusikia. Ilitakiwa ipunguzwe hewa au iwekwe kivulini. Nimebandika kiraka na kuweka jiwe juu yake, kilale hadi kesho.

Jumatatu.
Nimemrudishia mwenzangu kayaki yake, na kilo mbili za changu. Amekikagua kiraka, amekubali. Ni chombo chema kwa mwenye mchanga mtupu. Mimi abiria wangu anapita juu ya matumbawe maji yakiwa ya magotini. Sitaiweka hapo.

Jumanne.
Nimejaribu ndogo ya mtu mmoja, mita 2 na sentimita 70. Kwa kuipandisha haina kasoro. Lakini mimi na mpwa wangu tulipokaa pamoja imezama kiasi kwamba matundu ya kutoa maji yameanza kuyaingiza. Tumeketi kwenye maji hadi kiunoni tukiwa bado juu ya chombo. Mtu anayevushwa hawezi kwenda peke yake, lazima awe na wa kupiga kafi. Kumbe kuna mipaka miwili: isizidi nguvu zetu wawili, isipungue uzito wa bibi na mpwa wangu.

Alhamisi.
Nimeipata. Mita 3 kamili, kilo 24, imeandikwa kubeba kilo 150. Imetumika. Nimelipa laki saba. Imeingia kwenye nafasi ya kushoto, imebaki sentimita 10. Nimefurahi sana na nimesahau kukagua chini. Baada ya nusu saa majini nimeisikia ikicheza maji tumboni. Kuna ufa pembeni mwa tundu moja.

Ijumaa.
Jana usiku nilipaka gundi. Asubuhi imebanduka nzima kama ngozi ya maziwa. Plastiki hii haishiki gundi za kawaida, huyeyushwa na kuungwa kwa plastiki ya aina yake. Nimeipeleka kwa kijana anayechomelea ndoo na jerikeni sokoni. Amekata kipande cha jerikeni, akajaribu pembeni kwanza kama vinashikana, kisha akaziba. Amepaka maji ya sabuni, tumetazama povu. Halikutoka. Hakutaka zaidi ya elfu tano.

Jumamosi. Bamvua.
Maziwe, saa nne asubuhi. Kayaki imesafiri imepinduliwa, imefungwa kamba mbili zilizopishana. Tumeishusha kwa nyuma, ambako ukingo ni mfupi, juu ya kipande cha mkeka isikwaruze. Mpwa wangu amevusha baba mmoja mwenye mguu mbovu na watoto wawili, mmoja mmoja. Hakuna aliyekanyaga matumbawe. Safari ya tatu kafi limemponyoka na kwenda na mkondo, ameogelea kulifuata. Kuanzia leo kafi lina uzi. Kurudi, kaskazi imeshaamka. Tumenyanyua omo ya kayaki hadi ukingoni, tukaiacha imwage maji yake, kisha tukaisukuma ndani. Boti haikulala. Nimehesabu: tumeipandisha kwa pumzi sita.

Jioni nimempigia mjukuu wa bibi. Amesema wamesharudi Korogwe, lakini bibi anaweza kuja mwezi wa nne. Mwezi wa nne ni masika, na baada yake kusi. Nimemwomba amlete mwezi wa tisa, bahari ikianza kutulia. Simu imepokonywa, nimesikia sauti ya bibi ikiuliza kama boti ni ile ile. Nimemwambia ni ile ile, ila sasa imebeba mtoto mgongoni. Nimechukua kalenda na kuzungushia duara siku za bamvua za mwezi wa tisa.